Makanga Hasahau Chenji

Saa kumi na mbili jioni, matatu ya 58 inapotoka mjini kwenda Buruburu, makanga huanza kukusanya nauli kabla gari halijapita Muthurwa. Huanzia viti vya nyuma. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana kati ya vidole vya mkono wa kushoto: za hamsini mahali pake, za mia mahali pake, za mia mbili mahali pake. Kijana wa dirishani ametoa mia mbili, analipia wawili. Mama aliyempakata mtoto ametoa elfu moja. "Chenji inakuja, mathe," anaambiwa, na mkono unasogea kiti kinachofuata. City Stadium wanashuka wawili, wanapanda watatu. Gari likifika Hamza, mama anarudishiwa pesa zake kamili bila kudai, na aliyejifanya amelala anaguswa bega.

Nimepanda gari za njia hii miaka mingi, na kazi hiyo hunishangaza kila mara, kwa sababu ukifuata vipimo vya maabara isingewezekana. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu wa kawaida hushika akilini kwa wakati mmoja vitu saba hivi, akizidisha au kupunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio mengi na kushusha hesabu hiyo hadi vinne hivi. Wataalamu huiita sehemu hii kumbukumbu ya kazi. Ifikirie kama meza ndogo ya mama mboga: ukiongeza sukuma wiki, nyanya zinaanguka. Abiria thelathini na zaidi, kila mmoja na noti yake na kituo chake, wanatosheaje juu ya meza hiyo?

Hawatoshei. Makanga hubeba mafungu. Kiti, aliyekikalia, noti aliyotoa na mahali anaposhukia hushonwa pamoja vikawa kitu kimoja. Safu ya viti humwonyesha nani amelipa, na vidole humtunzia hesabu ambayo kichwa kingelazimika kuibeba. Jambo hili lilionekana kwa wachezaji wa sataranji mwaka 1973, katika majaribio ya William Chase na Herbert Simon. Bingwa alitazama kete za mchezo halisi kwa sekunde tano, akazipanga upya nyingi. Mwanagenzi alikumbuka chache tu. Lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubingwa ulikaribia kutoweka. Kumbe meza ya bingwa haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Miaka ya mazoezi ilimpa mafungu, na mafungu hayo yalifaa pale tu mambo yalipopangika kama alivyoyazoea.

Sasa tugeukie kipimo cha akili. Katika mitihani maarufu ya IQ, mtahiniwa husomewa tarakimu, labda sita au saba, naye azirudie kwa mpangilio uleule, kisha nyingine azirudie kinyumenyume. Ni tarakimu tupu, zisizo na kiti wala uso wala kituo. Ni kete zilizotawanywa. Kinachopimwa hapo ni upana wa meza, nao una umuhimu wake, kwa maana husaidia mwanafunzi kufuata sentensi ndefu au hesabu yenye hatua nyingi. Ila kile alichokishona makanga kwa miaka kumi hakijaulizwa.

Aliyeanzisha mitihani hii alijua mipaka yake. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon waliandaa maswali yao Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Binet alipinga wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichobadilika. Baadaye alama zilipangwa ili wastani wa watu uwe 100, na takriban watu 68 katika kila 100 waangukie kati ya 85 na 115. Kwa hiyo alama ya IQ hukuonyesha umesimama wapi kwenye foleni ya waliofanya mtihani uleule.

Hapa Kenya, Robert Sternberg, Wenzel Geissler na wenzao walifika Usenge, kando ya Ziwa Victoria, wakawapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza kuhusu mitishamba inayotumika kutibu maradhi ya pale kijijini, kisha wakawapa mitihani ya msamiati, Kiingereza na hisabati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kujua dawa hakukuenda pamoja na kufaulu darasani. Penye uhusiano wa maana, ulikuwa wa kinyume. Watafiti walieleza kuwa zipo familia zinazoona maisha ya mtoto yatakuwa hapo kijijini, zikamfunza ya kijijini. Katika utafiti mwingine uliohusu Wajaluo, wanakijiji waligawa akili kwa maneno manne: rieko, yaani maarifa na ujuzi, luoro, heshima, paro, fikra na kujituma, na winjo, kuelewa hali ilivyo. Mtihani wa shule hugusa rieko, tena sehemu yake tu. Kaloleni, ambako Kijaluo husikika vibarazani, maneno hayo hayahitaji mkalimani.

Alama zenyewe za IQ hazijasimama tuli. Huko Embu vijijini, watoto wa rika moja walipimwa mwaka 1984, na wengine wa rika hilohilo mwaka 1998. Katika miaka 14 alama zilipanda sana, na watafiti wakataja lishe, elimu ya wazazi na kupungua kwa ukubwa wa familia. Jeni hazibadiliki kwa miaka 14. Chakula na masomo ya mama hubadilika.

Utafiti ninaotamani kila mwalimu wa Eastlands aujue ulifanywa Recife, Brazil, na kuchapishwa mwaka 1985. Watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani waliulizwa bei na chenji wakiwa kazini, wakapata asilimia 98 ya majibu. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za darasani, walipata asilimia 37. Kichwani walikuwa wakijumlisha bei mara kwa mara mpaka wafike. Kwenye karatasi walijaribu kanuni za shule ambazo hazijawakaa.

Watoto wa namna hiyo wapo Dandora, Kayole na Umoja. Jioni wanashika kibanda cha mama, wanapima omena, wanarudisha chenji ya mia tano bila kalamu. Asubuhi daftari lao la hisabati lina alama nyekundu. KCPE, iliyowapanga watoto wetu kwa alama mwishoni mwa shule ya msingi tangu 1985, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea ya kumfupisha mtoto kuwa tarakimu hayajaondoka nayo. Mwalimu anaweza kuanzia kibandani: "Mteja amekupa mia tano, amechukua vitu vya mia moja themanini. Umehesabuje?" Mtoto aeleze hatua zake kwa sauti, mwalimu aziandike ubaoni kama alivyozisema, ndipo kanuni ya kitabu iwekwe kando yake. Mtoto ataona kuwa hesabu ile ya ubaoni ndiyo aliyoifanya jana jioni.