Kusoma Uso kwa Wanawake na Wanaume: Suala la Maneno katika Ufipa

Husemwa mara nyingi kwamba mwanamke hutambua upesi kuliko mwanamume yaliyomo moyoni mwa mtu kwa kumtazama usoni. Kauli hiyo si ya barazani tu. Mwaka 1978 Judith Hall alilinganisha matokeo ya uchunguzi 75 juu ya ishara za uso, mwili na sauti, akaona kwamba kwa jumla wanawake waliwazidi wanaume. Mwaka 2014 Thompson na Voyer walithibitisha kuwa tofauti ipo, lakini ni ndogo: wakishindanishwa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, mwanamke atashinda takriban mara 55 katika 100.

Tofauti ndogo namna hiyo yaweza kufichwa, au kuzushwa, na chombo cha kupimia. Chombo chenyewe kwa kawaida ni picha ya uso pamoja na orodha ya maneno: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, kinyaa. Mtazamaji hutakiwa kuchagua moja. Basi kinachopimwa si jicho peke yake, bali jicho pamoja na neno.

Kiswahili hakiyagawi mambo hayo kwa mipaka hiyo. Kukunja uso ni jina la tendo, wala halitaji hasira wala maumivu. Kukodoa macho kwafaa hofu na mshangao pia. Kununa ni hali ya moyo na sura ya uso kwa pamoja. Na uchungu hukaa kati ya huzuni na hasira.

Katika Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, laongezeka jambo la pili. Lugha ya nyumbani ya wengi ni Kifipa. Kiswahili hupatikana zaidi shuleni, kazini na katika soko la Sumbawanga. Ikiwa wanawake na wanaume wa kijiji hawakukipata kwa kiasi kimoja, kipimo kitaonyesha tofauti ya jinsia mahali penye tofauti ya shule.

Wala mila isitumiwe kuziba pengo hilo. Roy Willis alieleza mwaka 1967 jinsi Wafipa walivyofungamanisha kichwa na akili na mwanamume, na kiuno na uzazi na mwanamke. Mfano huo waeleza mpango wa jamii. Haupimi ustadi wa mtu yeyote.

Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake waliwapa Wahimba wa Namibia picha za nyuso wazipange. Mara nyingi walitaja vitendo, kama kucheka na kutazama, kuliko hisia. Hapana budi, basi, uchunguzi wa Ufipa uanze kwa swali lililo wazi, kwa Kifipa: mtu huyu ana nini? Majibu ya wanawake na ya wanaume yaandikwe kama yalivyotamkwa, ndipo orodha itungwe. Bila hivyo, mwanamke aliyejibu “ana uchungu” ataandikwa kuwa hakutambua, ilhali uso aliuona vema, na orodha ndiyo iliyokosa neno lake.