Soda Sita au Bando la Watu Kumi?

Video ya wimbo ya dakika nne, ukiitoa kwa kiwango ambacho YouTube wanapendekeza kwa 1080p, yaani megabiti 8 kwa sekunde, inafika megabaiti 240 hivi. Mwanafunzi anayetaka maoni kabla ya kukabidhi kazi yake chuoni aanze na hesabu hiyo, maana maoni ya bure huwa yamelipiwa na bando la mtu.

Wengi hukimbilia WhatsApp. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa, picha za usiku zinageuka matope, halafu unaambiwa taa zako mbovu. Ukiituma kama faili, ubora unabaki, ila watu kumi wakiipakua zimeondoka gigabaiti 2.4. Wengi hawapakui. Wanakuandikia "kali sana mwanangu" na biashara imeisha. Kama huna njia nyingine, toa nakala ya megabiti 2 kwa sekunde: inashuka hadi megabaiti 60, na kwa kukosolewa inatosha kabisa.

YouTube, kwa kiungo unachowapa watu wako tu, hailipishi, na ina mchoro wa kuonyesha watazamaji wameishia wapi. Lakini mchoro huo unahitaji umati. Watu wanane hawauambii kitu. Rasimu mpya nayo haiwezi kukaa kwenye kiungo kilekile, hivyo kila ukirekebisha unapandisha upya. Na kama wimbo si wako, ukaguzi wa hakimiliki unakufuata hata huko mafichoni.

Mimi hela yangu ningeiweka kwenye soda. Waalike watu watano au sita, wasiwe wa darasa lako wote, kwa sababu wenzako wameshasoma hadithi na wanajaza mapengo wenyewe. Tafuta laptop na spika ya maana. Waonyeshe rasimu kabla hujagusa rangi, wakati kukata bado hakukuumi. Usiangalie video, waangalie wao. Mmoja akichukua simu kwenye 1:35, andika 1:35. Akikunja uso kwenye kiitikio, kagua midomo: kwa fremu 25 kwa sekunde, kuchelewa fremu tatu ni sekunde 0.12, na mtu hulihisi hilo hata asipojua aliseme vipi. Ikiisha, usiulize "mmeipenda?" Uliza yule dada wa kwenye video alikuwa anamkimbia nani. Wakitoa majibu matatu tofauti, ujue ubeti wa pili una kazi. Na usijitetee; ukianza kueleza, wataanza kukuhurumia.

Fomu ya Google ni bure pia, ila iwafikie hao hao wakiwa bado wamekaa. Ya kutuma baadaye hurudi nusunusu.

Kibanda umiza ni mtihani mwingine, kama mwenyewe atakubali kuirusha kabla ya mechi. Pale hakuna anayekujua, wala huwezi kumhoji mtu, utapata kicheko, kimya au "toa hiyo!" Peleka rasimu ya pili, si ya kwanza.

Kumlipa mwongozaji saa yake ndiyo ghali kuliko zote, na inafaa mwishoni tu. Watazamaji wanajua wapi pamewachosha. Namna ya kukata hapo anaijua mwongozaji. Mpelekee na orodha ya dakika ulizoandika, la sivyo saa nzima itaishia kwenye kujadili kamera uliyotumia.