Uzi ulio ndani ya ngozi

Wafugaji wa Likasi na vijiji vya kandokando, sikilizeni. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe ni mali, lakini watu wengi huiharibu siku ile ile ya kuchinja, wala hawajui, maana ubovu wake hauonekani kwa macho.

Kwanza, fahamuni ngozi ni kitu gani. Ndani yake mna nyuzi nyembamba sana za protini, jina lake kolajeni. Kila uzi umesokotwa kwa nyuzi tatu, kama kamba; ndiyo sababu ngozi haikatiki upesi. Kano pia ni kolajeni. Nywele na kwato ni protini nyingine, keratini. Watengenezaji wa ngozi hutia chokaa: keratini hulegea, nywele hutoka, kolajeni hubaki. Hiyo iliyobaki ndiyo hufanywa viatu na mikanda.

Lakini kolajeni mbichi haivumilii joto. Chemsha miguu ya ng'ombe muda mrefu, kisha acha mchuzi upoe: utaganda. Hiyo ni kolajeni iliyogeuka gundi. Ngozi mbichi ikianikwa juani hupatwa na jambo hilo hilo. Upande wa juu hukauka upesi, maji hufungwa ndani, na joto hupika nyuzi. Kwa macho ngozi ni nzuri. Kiwandani, ikilowekwa majini, huachana vipande vipande. Mnunuzi akiisha kupata hasara hiyo, hupunguza bei ya ngozi zote, hata zilizo njema.

Basi fanyeni hivi:

1. Mnyama akifa ghafula, na damu ikimtoka puani au kwa njia ya haja, msimchune. Pengine ni kimeta, nacho huua watu. Mwiteni mganga wa wanyama.

2. Chuneni polepole kwa kisu kilichopinda. Mahali palipochanjwa, nyuzi zimekatika, wala haziungiki tena.

3. Osheni damu, ondoeni nyama na mafuta yote.

4. Wambeni ngozi kwa kamba katika kiunzi cha miti, kivulini, penye upepo. Isiguse udongo.

5. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo mkavu hufanya kazi yote. Wakati wa mvua ngozi hukawia kukauka, na vijidudu hula nyuzi. Basi pakeni chumvi nyingi upande wa nyama mara baada ya kuchuna.

Miti na kamba mnavyo, na kivuli hakiuzwi.