Kupaliwa kila mara: kuna nini kwenye koo?

Mimi ni mtu wa agronomi, si muganga, lakini chakula ninakifuata toka shamba mpaka sahani. Leo tukifuate hatua moja zaidi.

Kila mtu anapaliwa siku moja moja. Umecheka na wali mdomoni, umekohoa, machozi yametoka, imekwisha. Hiyo haina shida. Ninaongea juu ya babu au bibi ambaye kila akinywa maji anakohoa, na watoto nyumbani wamezoea hata kucheka.

Nyuma ya ulimi njia ziko mbili: ya mbele inapeleka hewa mapafuni, ya nyuma, umio, inapeleka chakula tumboni. Kwa hiyo kila tonge linapita juu ya mlango wa hewa. Weka kidole kwenye kile kifundo cha mbele ya shingo, umeze mate: utasikia kinapanda na kushuka. Kikipanda, kidakatonge kinalala juu ya mlango wa hewa na pumzi inasimama kidogo. Kazi yote ni kama sekunde moja.

Ndiyo sababu, kwa mtu mwenye koo dhaifu, maji yanaweza kuwa magumu kuliko uji. Wengi wanashangaa wakisikia hivyo. Maji yanakimbia, yanafika kabla mlango haujafungwa. Uji mzito unaenda polepole. Mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kupaliwa na kikombe cha maji halafu akameza uji wa mchele vizuri kabisa. Bugali ya muhogo nayo iko na tabia yake: ya moto ni laini, ikipoa inakaza, na sisi tumezoea kumeza tonge bila kutafuna. Wali mkavu unatawanyika mdomoni, punje zinabaki nyuma, pumzi ikivutwa zinaenda nayo.

Aibu ya kukohoa mbele ya wageni ni kitu kidogo. Kila mara chakula kidogo kinaingia mapafuni pamoja na vijidudu vya mdomo, na mapafu yanapata ugonjwa: homa, kikohozi, kupumua kwa shida. Kwetu homa ni malaria kwanza. Mzee anapewa dawa, homa inashuka, wiki mbili inarudi, anapewa tena. Mara ya tatu watu wanaanza kusema sumu, na jirani anatafutwa. Kumbe homa inaingilia kwenye kikombe! Wengine koo lao limepoteza hisia, chakula kinaingia bila hata kukohoa. Hao usikilize sauti yao baada ya kunywa: ikiwa na majimaji, ni alama. Kukonda, au kukaa saa nzima kwenye sahani moja, ni alama pia.

Sababu ni nyingi: kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, uvimbe wa shingo, tindikali ya tumbo inayopanda. Chakula kinachokwama kifuani, kwanza kigumu halafu hata uji, kinaweza kuwa saratani ya umio. Huyo asingojee.

Na kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo hakina kosa. Tanzania wanakiita kimeo, na kuna wanaokikatia watoto juu ya kikohozi. Kinasaidia kufunga njia ya pua mtu akimeza. Kukikata kunaleta damu na vidonda, kikohozi kinabaki.

Nyumbani tufanye nini? Mgonjwa akae wima, asilishwe amelala wala akiwa na usingizi. Kijiko kidogo, ameze, ndipo kingine. Kidevu kishuke kidogo, kichwa kisiangalie juu. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa. Mdomo usafishwe asubuhi na jioni, hata kama meno hayako.

Watoto ni habari nyingine, na hapa sisi wakulima tunahusika. Wakati wa kuvuna karanga, mtoto wa miaka miwili anaokota anachotaka. Karanga nzima ni ya mtoto aliyefika miaka mitano. Chini ya hapo itwangwe. Ikiingia mapafuni inaweza kukaa huko wiki nyingi, mtoto anakohoa na kukoroma kifuani, na hakuna sirupu itakayoitoa. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto akiwa anakula, muganga aambiwe hivyo hivyo. Na ile desturi ya kumbana mtoto pua ili ameze dawa, tuiache: akifungua mdomo kuvuta hewa, dawa inaenda na hewa.

Mtu akikwamwa na bado anakohoa, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa wala kusema, mwinamishe, mpige kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Ikikataa, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, halafu rudia. Mtoto chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo: alale kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mara 5 mgongoni, halafu umgeuze, vidole viwili katikati ya kifua mara 5. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, na maji usimpe.

Ukimpeleka mzee kituo cha afya, usiseme tu "ana homa". Sema anapaliwa tangu lini, na maji au na bugali, na kama nguo zimeanza kumlegea.