Koleo la Kukunja na Skrubu Zake Ngumu

Huenda umewahi kukiona kifaa hiki kwa dereva au kwa fundi. Kikikunjwa, kinaingia mfukoni. Kikikunjuliwa, ni koleo. Ndani ya mikono yake mna kisu, tupa, bisibisi na kifungua kopo. Vingine vina hata msumeno mdogo.

Kinachojulikana sana ni kile cha Mmarekani Tim Leatherman. Mwaka 1975 yeye na mkewe walitembea Ulaya kwa gari kuukuu. Gari liliwasumbua, naye alikuwa na kisu cha mfukoni tu. Kisu hakifungui nati. Basi akaanza kutengeneza kisu chenye koleo. Alihangaika miaka mingi. Vifaa vyake vilianza kuuzwa mwaka 1983.

Sasa tutazame shida yenyewe. Mchanga na uchafu huingia ndani. Kisu kinakwama, hakifunguki wala hakifungiki. Mwenye kifaa anataka kukifungua chote akisafishe. Akitazama skrubu, anaona ajabu. Tundu lake lina umbo la nyota ya ncha sita, na katikati kuna kijiti cha chuma. Bisibisi bapa haiingii. Hata ile ya msalaba, ambayo mafundi wengi huiita "nyota", haiingii.

Tundu hilo la ncha sita huitwa Torx. Lilibuniwa Marekani mwaka 1967. Kijiti kiliongezwa baadaye kwa makusudi, ili asiye na bisibisi yake asiweze kufungua. Wenye viwanda wanasema visu ni vikali na vipande ni vidogo. Mtu akiviunga vibaya, kisu kinaweza kufunga ghafla na kumkata vidole. Hayo ni kweli. Lakini ni nani anayenunua jembe asiloweza kulitia mpini? Kampuni ya Leatherman hutoa dhamana ya miaka 25, nayo hutengeneza vifaa vyake vilivyoharibika. Anayeweza kukituma kifaa chake, akitume. Aliye mbali na posta afanyeje?

OSHA KWANZA

Mara nyingi hakuna haja ya kufungua. Chukua maji ya moto kidogo, sabuni na mswaki wa zamani. Sugua kwenye maungio. Kunja na kunjua kifaa ndani ya maji mpaka mchanga utoke. Kikaushe vizuri juani, kisha tia tone la oili kwenye kila ungio. Oili ya cherehani inafaa.

KAMA BADO KIMEKWAMA

Hakikisha kwamba kweli ni skrubu. Visu vya Victorinox vya Uswisi, kwa mfano, vimebanwa kwa ribiti. Hivyo usijaribu kuvifungua, maana ribiti ikitolewa hairudi.

Kwa skrubu zenye kijiti, tafuta bisibisi ya Torx yenye tundu kwenye ncha. Tundu hilo humeza kile kijiti. Siku hizi huuzwa pamoja na ncha nyingine ndani ya kisanduku kimoja. Usivunje kijiti kwa patasi! Kipande cha chuma kinaweza kuruka na kukupofua jicho.

Bisibisi ikae sawasawa bila kucheza. Ikicheza, ni ndogo, nayo itakula tundu la skrubu. Baada ya hapo hakuna bisibisi itakayoshika. Mara nyingi skrubu zipo pande zote mbili za ungio moja. Ukizungusha upande mmoja, na wa pili unazunguka pia. Kwa hiyo unahitaji bisibisi mbili: moja ishike, nyingine izungushe. Skrubu ikikataa kabisa, huenda imetiwa gundi. Pasha moto ncha ya msumari, uiguse skrubu kwa muda ili gundi ilainike, kisha jaribu tena.

Fanya kazi hii juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, watoto wakiwa mbali. Funga makali ya kisu kwa kitambaa. Kila kipande unachokitoa, kiweke kwa mpangilio uleule kilivyotoka. Angalia sana washa. Ni nyembamba kama karatasi, na moja ikipotea kisu kitalegea.

Unapounga tena, usikaze kwa nguvu. Kaza kidogo, jaribu kisu, kaza tena. Kikifunguka bila kukwama na bila kuchezacheza, acha hapo.