Nani akimbie mita 100? Haki ya kupanga watoto kwenye riadha za shule Singida

Kila msimu wa mchujo wa UMITASHUMTA (shule za msingi) na UMISSETA (sekondari) ukifika, kelele ni zile zile. Watu hawabishani sana kuhusu nani kashinda, wanabishana kuhusu nani KAPANGWA kukimbia nini. Dogo mmoja anapewa mita 100, 200, 400 na kijiti juu yake. Mwenzake aliyefanya mazoezi siku zile zile anaambiwa "wewe subiri mwakani". Wa darasa la saba mwakani yake iko wapi?

Na hili si jambo dogo jamani. Timu inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa, kama ilivyokuwa Mtwara 2021 na Tabora 2022. Mtoto wa Nduguti au Itigi akiachwa kwenye kata, safari imeishia hapo. Basi la kwenda taifa atalisikia tu. Sasa tuangalie haki inapotea wapi, maana mara nyingi inapotea bila hata mwalimu kuwa na nia mbaya.

1. SAA YA MKONONI
Mashuleni kwetu muda unapimwa kwa kubonyeza saa. Kidole kinachelewa kidogo mbio zinapoanza, kwa hiyo muda unaoandikwa huwa mzuri kuliko ule halisi. Wataalamu wa riadha wanapotaka kulinganisha muda wa mkono na wa mashine, huongeza sekunde 0.24 kwa mita 100 na 200, na 0.14 kwa mita 400. Na vidole vya walimu wawili havifanani! Kwa hiyo dogo wa 13.1 wa kundi la kwanza na dogo wa 13.2 wa kundi la pili, ukweli ni kwamba hakuna anayejua nani mkali kuliko mwenzake. Kumuacha mmoja kwa tofauti hiyo ni sawa na kurusha shilingi.

2. UPEPO
Singida na upepo wetu mnaujua, si bure watu wanapanga kuvuna umeme wa upepo huku. Kwenye riadha za dunia, muda wa mita 100 au 200 hauhesabiwi kama rekodi kama upepo wa mgongoni umezidi mita 2.0 kwa sekunde. Viwanja vyetu vya shule havina kipima upepo. Kundi moja linakimbia asubuhi kumetulia, jingine linakimbia mchana linasukumwa mgongoni, halafu tunalinganisha namba!

Dawa yake haina gharama: wanaokaribiana wapange mstari mmoja, wakimbie pamoja, anayetangulia anakwenda. Ikiwezekana warudie siku nyingine.

3. MWILI
Watoto wawili wa miaka 13, mmoja keshabalehe, ana miguu ya kaka mkubwa, mwingine bado mdogo. Hapo hatuzungumzii mijeba waliopunguziwa umri, hilo ni kosa jingine kabisa. Hawa wote umri wao halali, ila mmoja mwili umewahi. Leo atashinda mbio fupi zote. Baada ya miaka mitatu au minne yule mdogo anaweza kumfikia na kumpita, LAKINI kama alinyimwa kila nafasi, wakati huo atakuwa keshaacha mazoezi zamani.

Tuna mfano wa hapa hapa. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, na dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu! Ile ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Naye Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, halafu medali yake ya Olimpiki, fedha ya Moscow 1980, akaipata kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mbio zinazomfaa mtu hubadilika. Tusimfungie mtoto mlango akiwa darasa la sita.

4. MBIO NGAPI KWA MTOTO MMOJA?
Najua wapo watakaosema: "tunataka vikombe, kwa nini tumuache mkali wetu?" Hoja ina uzito, hasa ngazi ya taifa. Ila angalieni wenzetu. Kwenye kuogelea kwa sekondari za Marekani, kanuni ni kwamba mwanafunzi hazidishi mashindano 4 kwa jumla, na ya peke yake yasizidi 2. Mkali wao naye anabanwa, wengine wanapata maji.

Halafu mtoto aliyekunywa uji asubuhi, akakimbia 400, akakimbia 800, jioni mnampa kijiti, mnategemea nini? Miguu imekwisha. Hapo nafasi ya mwenzake imepotea na kikombe chenyewe kimepotea!

Maoni yangu: ngazi ya shule na kata, mbio mbili za peke yake na kijiti kimoja, basi. Mkoa na taifa wapelekwe wakali, lakini kwa kanuni iliyotangazwa mapema. Na kwenye kijiti cha 4x100 tusichukue tu wanne wenye kasi. Eneo la kupokezana ni mita 30, na timu inayopokezana vizuri inaweza kuipiga yenye kasi zaidi. Kuna dogo wa kasi ya kawaida ila mikono yake haiangushi kitu, huyo naye ana nafasi.

5. TANGAZA KABLA
Kanuni ibandikwe kwenye ubao kabla ya mchujo: nafasi ngapi, wakifungana inakuwaje, akiba ni nani. Anayeachwa aambiwe sababu na mwalimu mwenyewe, asisikie kwa wenzake njiani. Na sisi wazazi na makaka, tukienda kulalamika tusianze na "kwa nini sio mdogo wangu". Tuulize "kanuni ilikuwa ipi, na imefuatwa?" Kama haikuwepo, hapo ndipo pa kubanana.

Walimu wa michezo wa Kiomboi, Manyoni, Ikungi na Singida mjini, nyie huko mnapangaje? Na wewe uliyewahi kuachwa au kubebeshwa mbio nne kwa siku, mwaga maoni hapo chini bila kutaja majina ya watu. Naomba kuwasilisha.