Miti ya Paa la Banda Pana la Motokaa

Katika nyumba za mawe za kale za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na boriti: mti wa mkoko haukuvuka nafasi iliyozidi futi 9 hivi, hata vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mtu atakaye banda la motokaa mbili ahitaji futi 18, na hapo ndipo wengi wapotezapo fedha zao. Nafasi ikizidi mara mbili, mti ule ule, kwa uzito ule ule juu ya kila futi, hupinda mara 16.

Nguvu ya mti hasa ni kimo chake. Ubao wa inchi 6 kwa 2 ukiwekwa wima hubeba mara 3 kuliko ukilazwa, na kupinda kwake ni sehemu moja katika 9. Hata hivyo wako mafundi waulazao! Kwa futi 18 yafaa kenchi, au nguzo moja ya katikati, iliyo rahisi zaidi ikiwa dereva si mzembe.

Mabati ni mepesi, lakini banda halina kuta. Upepo huingia chini na kuliinua paa. Basi kila mti ufungwe kwa ukanda wa chuma kwenye nguzo, na nguzo zishikwe kwa saruji ardhini.